Filamu Kubwa za Zamani: Anza na Zile Unazozipenda Tayari

Mtu akishaamua kutazama filamu kubwa za zamani ambazo hajawahi kuziona, kitu cha kwanza hutafuta orodha. Ipo moja maarufu sana, ya jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound, ambalo tangu mwaka 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu gani bora kuliko zote. Ninaiheshimu orodha hiyo, lakini sikushauri uanzie hapo. Filamu iliyoshika nafasi ya kwanza mwaka 2022, Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ina zaidi ya saa tatu za mama mmoja wa Brussels akimenya viazi, akitandika kitanda na kuosha vyombo. Ni kazi kubwa kweli, na siku ya kuipenda itafika. Ukiianza leo usiku umetoka kazini, hujazoea bado mwendo wa filamu za namna ile, utalala nusu ya njia, kisha utaamini kwamba filamu za zamani si za watu kama wewe. Nimewaona watu wakikata tamaa hivyo, na huniuma.

Mimi nilipita njia nyingine. Nilichukua filamu niliyokuwa naipenda tangu utotoni, nikaulizia ilizaliwa na nani. Filamu zina ukoo kama watu, na ukishamjua mjukuu, babu hakushindi kumzoea.

Chukua Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975. Waliokulia Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hawahitaji kuambiwa Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, ni nani. Thakur, aliyekuwa polisi, anawatafuta wahuni wawili, Jai na Veeru, waje Ramgarh wakabiliane na majambazi. Sasa rudi nyuma miaka 21, uende Japani. Katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa, iliyotoka mwaka 1954, wanakijiji waliochoka kuporwa mavuno wanakwenda mjini kutafuta wapiganaji wa kuwalinda, na malipo pekee waliyo nayo ni wali. Mwaka 1960 Wamarekani waliigeuza hadithi hiyo kuwa picha la makauboi, The Magnificent Seven. Ukizitazama hizo mbili ndipo utakapoona Sholay ilikotoka, na utaipenda zaidi.

Seven Samurai inakaribia saa tatu na nusu, na vita vyenyewe vinachelewa sana kuanza. Usiipeleke mbele. Muda ule wote unawafahamu watu, wakulima kwa wapiganaji, ili atakapoanguka mmoja ujue nani ameanguka. Kuna mahali samurai wanagundua kwamba wanakijiji wameficha silaha na mavazi ya vita, na maana yake ni moja tu: waliwahi kuwaua samurai waliokuwa wakikimbia baada ya kushindwa. Wanakasirika. Hapo Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, anawalipukia wenzake. Anakiri kwamba wakulima ni waongo, wachoyo, wanaficha chakula chini ya sakafu na kuua majeruhi. Kisha anawauliza ni nani aliyewafanya wawe hivyo, kama si samurai wenyewe wanaochoma vijiji na kuwachukulia watu kila walicho nacho. Anamaliza akilia, na kiongozi wao anamtambua: huyu naye ni mtoto wa mkulima.

Nilisimamisha filamu hapo. Nimekua nikiwasikia watu wa mjini wakisema wakulima ni wajanja, wanatia mchanga kwenye gunia ili uzito uongezeke. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali la Kikuchiyo. Kwamba swali hilo liliulizwa Japani miaka mingi kabla sijazaliwa, na bado linagusa soko la mahindi ninalolijua mimi, ndiyo sababu ninayowapa watu wanaponiuliza kwa nini nahangaika na picha za zamani. Na kwa sisi tuliofundishwa kwamba steringi hafi, kifo cha Jai kilikuwa msiba. Kwa Kurosawa wanakufa wanne kati ya saba.

Ukoo wa pili ni wa Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji wa India. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayezikumbuka Awaara ya 1951 au Shree 420 ya 1955, una bahati, muweke karibu. Ile kofia, ile suruali isiyomtosha, ule mwendo wa maskini mwenye heshima zake, vyote vinarudi kwa Charlie Chaplin. Anza na City Lights ya 1931. Filamu za kuongea zilikuwa zimeshaenea wakati huo, Chaplin akagoma, akaitengeneza bila mazungumzo. Hii ndiyo filamu ya kutazama na familia nzima, kwa sababu bibi asiyejua Kiingereza na mtoto asiyejua kusoma hawapungukiwi na kitu. Sitakuambia inavyoisha.

Kuna na filamu zisizo na steringi hata mmoja, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Katika Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, baba mmoja wa Roma anapata kazi ya kubandika mabango kwa sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani, hivyo mkewe anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Aliyeigiza baba huyo, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Satyajit Ray aliitazama London mwaka 1950, akarudi India kutengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955.

Ukitoka hapo nenda Dakar, Senegal. Ousmane Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu kwa Kifaransa, akaona kwamba watu aliokuwa akiwaandika hawawezi kuvisoma, akaenda Moscow kusomea filamu. Borom Sarret ya mwaka 1963 ina kama dakika 20 tu: siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi, anayeingia mtaa wa wenye nazo ambako mikokoteni hairuhusiwi, na polisi wanamnyang'anya mkokoteni wake. Mwonyeshe dereva wa bodaboda aliyewahi kukamatiwa pikipiki mjini, halafu umsikilize. Inayofuata, La Noire de... ya 1966, inamfuata Diouana, binti anayechukuliwa kutoka Dakar kwenda kufanya kazi za ndani Ufaransa. Familia zetu nyingi zina dada aliyekwenda Oman au Saudia kwa kazi hiyo hiyo. Inachukua kama saa moja, na kwa maoni yangu kila Mswahili anapaswa kuiona kabla ya filamu yoyote ya Hollywood ya miaka ile.

Kuhusu lugha: maandishi chini ya picha mara nyingi huwa ya Kiingereza. Ukitazama na mtu asiyekifuata, simamisha umweleze. Sisi tuna utamaduni huo. Lufufu kwetu Tanzania na DJ Afro kule Kenya walifanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa. Simu iache chumba kingine. Ipe filamu nusu saa kabla ya kuihukumu, na ikikushinda iache bila kinyongo, utairudia ukiwa na umri mwingine.

Bando lako usilimalizie kwenye nakala mbovu, yenye giza na iliyokatwa pembeni. Tafuta zilizokarabatiwa. Negativu za Pather Panchali, yaani mikanda yake ya asili, ziliungua kwenye moto London mwaka 1993, na mafundi wa Bologna wakaziokoa kwa kazi ya subira kubwa. Ukitazama nakala ile utaelewa kwa nini walijisumbua. Studio ya Mosfilm ya Urusi imeweka filamu zake nyingi YouTube bila malipo. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, huonyesha filamu za Afrika na Ulaya, na kwa aliye Unguja lipo tamasha la filamu la ZIFF, linaloendelea tangu 1998.

Kama leo una dakika 20 tu, tazama Borom Sarret. City Lights iwe ya Jumamosi jioni, watu wote wakiwa nyumbani. Seven Samurai ingojee sikukuu, Idi au Pasaka. Ina mapumziko yake katikati, kwa hiyo unaweza kuigawa usiku wa leo na wa kesho.