Jibu: Kurasa za zamani za nyumba ya wageni, Shela

Dada, umeuliza kama ufute kurasa za 2019 za tovuti ya nyumba yenu ya wageni hapo Shela, Lamu, au uzirekebishe. Usifute. Anza na ule wa jinsi ya kufika Lamu: kama bado unasema viza hutolewa uwanja wa ndege, unampotosha mgeni, maana tangu Januari 2024 wageni wengi wa ng'ambo huomba eTA, kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya, mtandaoni kabla ya kusafiri. Kisha bei na simu. Anwani ya ukurasa mtandaoni iache ileile. Ukilazimika kuibadilisha, ya zamani ielekeze kwenye mpya. Na tafadhali usibadilishe tarehe tu. Mgeni kushuka uwanja wa ndege wa Manda na mizigo yake, apige namba iliyokufa pale gatini, huniuma sana.