Mkuu hiyo raki USINUNUE kesho, mtu atikise usukani kwanza

Acha. Kesho usiende Gerezani kwenye maduka ya spea kununua raki, yani kile chuma chenye meno chini ya gari kinachogeuza tairi ukizungusha usukani.

Umeandika una Toyota IST, usukani umeanza kucheza ukiwa katikati, ukipita barabara ya vumbi yenye makorongo mbele panagonga ko-ko-ko, fundi wako kaweka jeki, kashika tairi kaitikisa, kasema "boss hapa raki imekufa", na asubuhi mnaenda wote dukani na laki tatu na nusu. Halafu unatuuliza raki nzuri inapatikana duka gani. Mkuu swali la duka gani halijafika bado! Nani kakuthibitishia kwamba ni raki? Kutikisa tairi hewani? Mi nilipofika hapo kwenye "kashika tairi kaitikisa" damu ikanichemka, ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi na laki zangu ziliishia huko.

Gari yangu ina usukani wa umeme kama wako, mota yake imekaa juu kwenye kolamu (nguzo ya usukani), siyo ule wa oil. Na hapo hapo nikwambie, fundi yeyote akija na habari kwamba raki ya hiyo IST inavuja oil ya pawa steringi ondoa gari muda huo huo, humo kuna grisi tu. Sasa yangu ilianza hivi, nikiwa naingia parking naupeleka usukani kushoto nausikia tak, nikiurudisha kulia tak, na nikipita kwenye lami iliyobanduka ile tak inakuja mfululizo. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kipindi kile ni kwamba ule mlio ulikuwa unasikika zaidi kwenye viganja kuliko kwenye masikio. Hiyo ni dalili kubwa sana mkuu, mlio unaousikia mikononi na mlio unaousikia chini ya miguu ni vitu viwili tofauti, ukija kuuliza tena anza na hilo.

Fundi wangu hakuingia chini kabisa. Jeki, tairi, tikisa, "raki". Nikamwamini kwa sababu breki alizitengeneza vizuri mwezi uliopita, na yeye aliongea kwa uhakika kama mtu aliyeiona kwa macho. Tukaenda dukani. Muuzaji anaishika raki ya used mkononi anaizungusha ananiambia "hii imetoka kwenye gari iliyotembea kilomita elfu arobaini tu". Sasa jamani raki ina mita ya kilomita wapi? Ilikuja kwenye kontena imechanganyika na bampa na taa, nani anajua ilitembea ngapi? Nikalipa karibu laki tatu. Baadae nikaja kujua kwa kijana wa pale pale gereji kwamba kwenye hiyo hela kulikuwa na cha juu cha fundi. Yani mtu anayekuambia nini kimeharibika ndiye huyo huyo anayepata hela zaidi kadri kilichoharibika kinavyokuwa cha bei. Hapo unategemea akwambie ni jointi ya elfu arobaini?

Na kuna hasara ambayo hata hawakuitaja. Kuitoa raki lazima wafungue ile jointi inayounganisha usukani na raki, wakishafungua, usukani unabaki hauna kinachouzuia. Kijana wake akaingia ndani kutafuta spana, akajiinua kwa kushika usukani, ukazunguka zunguka. Chini ya usukani kuna waya mwembamba bapa uliojiviringa, mafundi umeme wanauita spairo, ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi, na unaruhusu mizunguko michache tu kila upande. Ukakatika. Gari inatoka pale taa ya eabegi inawaka, honi imekufa, na fundi anasema bila aibu "hiyo ni kesi ya fundi umeme". Kesi ya fundi umeme wakati ilikuja ikiwa na honi! Sijalisahau hilo mpaka leo.

Kama itafika wakati wowote mtu anafungua steringi ya gari yako, kwa sababu yoyote ile, tairi ziwe zimenyooka, achomoe waya wa negativu wa betri asubiri kidogo (maelekezo ya Toyota ni sekunde 90 kabla ya kugusa mambo ya eabegi), aufunge usukani kwa mkanda wa siti usizunguke, na aweke alama ya rangi kwenye shafti na kwenye jointi ili virudi pale pale vilipotoka. Akikwambia hayo ni mambo ya wazungu mtafute mwingine.

Basi raki ikafungwa, na tak ikabaki pale pale. Unajua alisema nini? "Hii raki nayo mbovu, turudi tukabadilishe." Tukarudi, nikaongeza hela, ikafungwa nyingine, na ile tak haijapungua hata chembe. Hapo ndo akaja na dawa ya mwisho, akakaza ile nati ya kwenye raki inayosukuma springi na kale ka pedi kanachobana meno. Hii nataka uisome vizuri kwa sababu mafundi wengi wanaipenda, haina gharama na mteja anaona kitu kimefanyika. Ile nati ina kipimo chake. Ukiikaza kupita kiasi meno yanabanwa, usukani unakuwa mzito, na kibaya zaidi haurudi wenyewe baada ya kona. Nilitoka gereji nikakata kona ya kuingia barabara kubwa, nikaulegeza usukani urudi kama kawaida, haukurudi, gari inaendelea kuelekea upande wa magari yanayokuja. Nikaurudisha kwa nguvu. Nilikuwa na mtoto siti ya nyuma. Mtu aliyefanya hivyo aliniambia "sasa hivi iko taiti, enjoy".

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja anayetengeneza malori, wala hatengenezi magari madogo. Hakuomba jeki. Akasema kaa kwenye usukani, washa gari, tikisa kidogo kidogo kushoto kulia usiache. Akainama pale kwenye pedeli, akavuta lile koti la mpira na plastiki linalofunika shafti, akaweka kidole gumba nusu juu ya jointi nusu chini yake. Akaniambia njoo ushike mwenyewe, ye akakaa kwenye usukani. Nikashika. Upande wa juu unageuka, unagonga, ndipo wa chini unafuata. Kros ndogo ya steringi (kile kiungo cha msalaba ndani ya jointi) imekwisha, ina uwazi kama goti lililoisha ute. Jointi nzima ilinigharimu 45,000 na ikafungwa hapo hapo bila kugusa raki. Raki yangu ya kwanza, ile nzima iliyotoka na gari Japani, sijui iko kwenye gari ya nani sasa hivi maana fundi "aliitupa".

Na siyo kitu cha ajabu kwamba ni hapo. Kwenye magari yenye mota juu ya kolamu, nguvu yote ya ile mota inapita kwenye hiyo shafti ya kati na jointi zake ndipo ifike kwenye raki, kwa hiyo inabeba mzigo kuliko kwenye gari za oil ambazo nguvu inazaliwa kwenye raki yenyewe. Mwaka 2012 Toyota waliita magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, zikiwemo Prius za kizazi cha pili, na sababu mojawapo ilikuwa shafti hiyo hiyo ya kati, meno yake yaliweza kulika kwa watu wanaogeuza usukani kwa nguvu mpaka mwisho mara kwa mara gari ikiwa mwendo mdogo. Kiwandani wanaijua hiyo sehemu, fundi wako hajaiangalia hata kwa tochi.

Kwa hiyo sheria ni moja mkuu, na hii naomba uishike hata ukisahau mengine yote: HELA HAITOKI MFUKONI MPAKA UMEWEKA MKONO WAKO MWENYEWE KWENYE KITU KINACHOCHEZA WAKATI MTU MWINGINE ANATIKISA USUKANI. Siyo mkono wa fundi, mkono wako.

Gari iwe imekanyaga chini kwa tairi zote nne, kwenye shimo la gereji kama lipo. Tairi ikining'inia hewani hamna kinachoipinga, usukani ukigeuka kila kitu kinafuata kirahisi na ule uwazi unaweza usionekane. Ikikanyaga lami inakaza, nguvu inapita kwenye kila jointi na iliyochoka inajitaja. Injini iwe inawaka, hendibreki juu, gia P. Anayetikisa atikise kidogo na haraka, asizungushe. We anza juu ushuke. Jointi ya pale kwenye pedeli kwanza, kisha ile ya chini inapoingia kwenye raki. Halafu angalia bodi ya raki yenyewe, kama inahama kushoto kulia kwenye vishikio vyake basi ni bushi za raki, siyo raki, na bushi ni hela ndogo. Halafu bana lile buti la mpira pembeni ya raki, ndani yake kuna raki endi (kiungo cha mwisho wa raki), kama imelegea utaihisi inagonga kwenye vidole. Halafu tairodi (chuma kinachotoka raki kwenda kwenye tairi), shika ile sehemu ya boli, kile kiungo cha mviringo. Ukiona shafti inaingia kwenye raki inageuka, raki haijahama kwenye vishikio, na bado vyuma vya pembeni vinachelewa kufuata, haya, hapo uwazi uko ndani ya raki, na hata hapo ile nati ikaguliwe kwa kipimo kabla ya kwenda dukani.

Na upime kucheza kwenyewe. Tairi zimenyooka, gari imesimama, peleka usukani taratibu mpaka uone tairi inaanza kusogea, pima kwa rula kwenye ukingo wa usukani. Vitabu vya gereji vya Toyota kwa magari mengi vinaweka mwisho milimita 30. Wengine mnachoita "kucheza" ni milimita chache za kawaida na mnataka kushusha gari nzima.

Jeki ina kazi yake, sijasema itupwe. Tairi likiwa juu (na gari imewekwa stendi, usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake), shika kushoto na kulia, ikicheza angalia tairodi na raki endi. Shika juu na chini, ikicheza ni bolijointi au beringi, mtu akikanyaga breki na kucheza kukapotea basi ni beringi. Lakini haiwezi kukuonyesha jointi ya pale kwenye pedeli hata uitikise tairi mpaka kesho.

Hiyo ko-ko-ko yako ya kwenye makorongo kwa mwendo mdogo, kusema kweli kabla sijaona gari nawaza stabilaiza linki (vile vyuma vyembamba vinavyoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), hasa kama inagonga zaidi pale tairi moja inapoingia shimoni na nyingine iko juu. Zile linki ni bei rahisi na barabara zetu zinazimaliza haraka. Inawezekana kabisa una matatizo mawili tofauti, linki inayogonga na jointi inayocheza, na fundi kayaunganisha kwa jina moja la bei kubwa. Ikigonga ukikanyaga breki au ukitoa gari, angalia bushi za arm (mipira ya ule mkono wa chini unaoshika tairi). Ikilia kama springi inajikunja ukigeuza usukani gari imesimama, maunti ya shokapu. Ikilia ka-ka-ka kwenye kona kali ukikanyaga mafuta hiyo ni CV jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), wala haihusiani na usukani.

Alaimenti (kupima na kunyoosha tairi) usifanye sasa hivi. Nimeona mtu kakushauri hapo juu uanze nayo. Kupima alaimenti kwenye steringi inayocheza ni kuchoma hela, namba zinabadilika ukitoka tu pale. Mwisho kabisa, kikishabadilishwa kilichokufa.

Na wale watakaokuja kuandika "fundi wangu mzuri hawezi kudanganya", hata wa kwangu alikuwa mzuri mpaka siku alipoona raki.

Kama umeshampa advansi mwambie gari haiendi popote mpaka akae kwenye usukani atikise we ukiwa umeshika ile jointi ya pale kwenye pedeli. Akikubali, rekodi video sauti iwe juu, weka hapa, uandike upande wa juu na wa chini vinageuka pamoja au kimoja kinatangulia. Akikataa uandike pia, na useme uko pande zipi, nitakuelekeza kwa yule mzee.