Lenzi ya Kuvuta Mbali kwa Picha za Michezo

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na nina kamera ya Canon ya DSLR (ya kubadilishwa lenzi) yenye sensa, yaani kipokea mwanga, ndogo ya APS-C, iliyouzwa pamoja na lenzi ya milimita 18-55. Napenda kupiga picha za mashindano ya punda na ya mashua, pamoja na kandanda ya jioni, lakini watu huonekana wadogo mno. Muuzaji ananihimiza ninunue lenzi ya 75-300, kwa kuwa ndiyo rahisi kwa bei kuliko zote na ndiyo inayovuta mbali zaidi. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Wa aleikum salaam. Kwa maoni yangu usiufuate, kwa sababu katika picha za michezo kasi ya fokasi (lenzi kulenga kitu kionekane wazi) ina uzito kuliko milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Punda anapokuja mbio kukuelekea kando ya bahari, umbali kati yenu hubadilika kila mara, na mota ya fokasi ya lenzi hiyo ya 75-300 ni ya polepole. Itakuwa bado inatafuta, huku mpanda punda ameshakupita.

Kwa mashindano ya mchana, chukua Canon EF-S 55-250 IS STM, ambayo fokasi yake ni nyepesi zaidi na uzito wake ni gramu 375 tu. Kwenye sensa yako, milimita 250 huona eneo dogo sawa na linaloonekana kwa milimita 400 kwenye kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo hutapungukiwa. Weka fokasi kwenye AI Servo (hali ya kufuata kitu kinachosogea), kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde kwa punda, na kwa mashua 1/500 yatosha. Jua la mchana wa Lamu ni kali, hivyo hata tundu la mwanga la f/5.6 (namba ikipungua tundu hupanuka) halitakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, sana. Usitegemee kituliza mtikisiko (hiyo IS) kwa mambo haya: kinatuliza mikono yako, wala hakizuii miguu ya punda kutoka na ukungu pichani.

Kandanda ya jioni ndiyo ngumu. Huku kwetu jua likishazama giza huingia upesi, na katika dakika za mwisho za mchezo f/5.6 itakudai ISO 3200 au zaidi. Lenzi za 70-200 za f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya huo, ila bei yake haimfai anayeanza. Ikiwa kandanda ndiyo moyo wa kazi yako, tafuta Canon EF 70-200 f/4L iliyokwisha kutumika, ile isiyo na kituliza mtikisiko. Tundu lake hubaki f/4 hata ukiivuta hadi mwisho, yaani mwanga mara mbili ya ule wa f/5.6, na fokasi yake ina kasi kweli. Ni nzito, gramu 705, lakini hairefuki unapoivuta, jambo linalonipendeza sana kwa mtu wa pwani, kwa kuwa ile ya 55-250 hutoka na kurudi, na mchanga uliogandia kwenye pipa lake, ile sehemu inayotoka, waweza kuingia ndani. Zote mbili hazikuzibwa dhidi ya maji, basi zifute chumvi kila utokapo baharini.

Kabla hujalipia lenzi iliyotumika, iangalie kuvu, maana unyevu wa pwani huzalisha kuvu upesi kwenye lenzi zilizofungiwa mkobani kwa muda mrefu. Fungua tundu lote, mulika tochi kwa upande wa nyuma, kisha tazama kwa mbele ukiinamisha lenzi kidogo. Vumbi chache halidhuru. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotandaa kwenye kioo, irudishe kwa mwenyewe, hata akikupunguzia bei kiasi gani.