Wikiendi ya mwisho Tanga: jikoni au kwa marafiki?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Ngamiani, Tanga. Mwezi ujao nakwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa miaka mitatu, na nimebakiwa na wikiendi moja tu yenye nafasi. Mama anataka kupika pilau aalike mtaa mzima. Mimi natamani kukaa naye jikoni anifundishe mkate wa kumimina. Tena nina rafiki Muheza na mwingine Pangani, na bibi yangu anaumwa, yuko Makorora. Nigawe vipi siku hizi? Na je, naweza kubeba samli ya mama na maembe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Anza na bibi, kwa kuwa yeye hawezi kuja kwako. Nenda Ijumaa alasiri, ukae mpaka atakapochoka mwenyewe kuzungumza. Mgonjwa humjua mgeni anayeangalia saa.

Muheza na Pangani usiende. Pangani iko kusini, Muheza iko magharibi; ukizifuata zote mbili, Jumamosi itaishia kwenye magari. Wapigie marafiki zako waje Jumapili, wa Muheza aje na machungwa, mle pamoja na wageni wa mama. Pilau usimkataze mama. Majirani waliokulea wana haki ya kukuona na kukuombea dua. Mwombe tu iwe Jumapili mchana, ili Jumamosi nzima awe wako.

Sasa mkate. Ijumaa usiku loweka mchele. Asubuhi uchuje, uusage kwenye blenda kwa tui zito, hamira na iliki. Saga, kisha chukua kidogo ufikiche kati ya vidole viwili: ukisikia chenga, saga tena. Hapo ndipo wengi huharakisha, na mkate wao hutoka na mchanga mdomoni. Acha uumuke mpaka juu pajae mapovu, ndipo utie sukari na yai lililopigwa. Paka sufuria mafuta, ipate moto kwanza, kisha mimina. Moto wa chini uwe mdogo, makaa mengi yawe juu ya mfuniko. Huko uendako utatumia oveni, kwa hiyo tazama rangi ya mkate, usihesabu makaa.

Mama atakwambia “tia hamira kiasi”. Usikubali neno hilo, mwanangu. Kila anachokishika kwa mkono, kipitishe kwanza kwenye kijiko au kikombe, uandike. Na sufuria ushike wewe, yeye akae kwenye kigoda aelekeze. Ukimtazama tu akipika, utafika Ujerumani ukikumbuka harufu bila kujua vipimo. Nalisema kwa uchungu, maana mapishi mengi mazuri ya pwani yamezikwa na wenyewe kwa sababu hakuna aliyeshika mwiko wangali hai.

Mizigo: samli iache. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa. Maembe nayo yale hapa. Tangu Desemba 2019 matunda mabichi yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, na machungwa ya Muheza yamo humo humo. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Umeona nazi imo? Beba nazi kavu moja au mbili kwa mkate wa kwanza. Baada ya hapo utatumia tui la kopo, maduka ya vyakula vya Asia huliuza.

Bizari nzima, karafuu, mdalasini na iliki funga kila kimoja mfuko wake, uandike jina juu kwa ajili ya ukaguzi. Iliki ibebe na maganda yake, uisage huko huko siku ya kupika. Iliyosagwa hupoteza harufu upesi.