Mchumba Anataka Niache Gereji

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Nimesomea ufundi magari VETA na sasa nipo gereji. Mchumba wangu ameshatoa nusu ya mahari, lakini anasema tukioana niache kazi, atanifungulia duka la vipodozi. Mama ananiambia nisipoteze mume kwa ajili ya spana. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, ila kuna mahali nimepapenda sana. Ulishusha gia boksi ya Noah huku mwenye gari akiuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Alipoliwasha, gia zikaingia bila kukwaruza, akanyamaza. Kazi unaiweza na unaipenda. Usiiache.

Duka si baya. Ubaya ni kwamba hukuliomba, na mtaji ni wake. Siku mkikosana, utaanza kumwomba hadi hela ya vocha.

Muulize anaogopa nini hasa. Kama ni wanaume unaoshinda nao, aseme, kisha aje gerejini akuone ukiwa kazini. Kama ni rafiki zake wanaomcheka kwamba mkewe atanuka oili, awajibu mwenyewe. Usiubebe wewe mzigo huo. Na usikubali kuacha sasa kwa kudhani atalegea baada ya harusi. Wanaoniandikia wakiwa na watoto wawili na cheti kimefungiwa sandukuni ni wengi mno, na wananiumiza roho.

Umegusia pia kwamba bosi ameanza kusema mke wa mtu hafai kushika jeki. Hilo lina sheria. Ibara ya 22 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukubagua kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Mwambie hivyo, kwa heshima.

Mama usigombane naye. Anaogopa utakosa mume, na pengine mahari yenyewe imeshatumika. Tafuta shangazi au mjomba anayesikilizwa pale nyumbani, umweleze yote, akusemee. Mchumba akishikilia msimamo wake, mrudishieni mahari yake, hata kwa awamu. Utaumia, na majirani watasema. Lakini liamueni hili kabla kadi za michango hazijaanza kusambazwa.