Maswali ya Wasomaji: Walitokaje Elephant Island?

Toleo lililopita tulitaja kwa ufupi mkasa wa watu 28 wa meli Endurance, chini ya Ernest Shackleton. Meli yao ilibanwa na barafu karibu na Antaktika ikazama, nao Aprili 1916 wakaangukia Elephant Island, kisiwa kisicho na mtu wala njia ya meli. Sita, Shackleton akiwemo, wakaondoka kwa mashua iitwayo James Caird kwenda kutafuta msaada South Georgia, kisiwa chenye vituo vya wavua nyangumi. Maswali mengi mliyotuletea yanahusu mashua hiyo.

SWALI: Mimi ni fundi wa mashua, Pangani. Mlisema James Caird ilikuwa na urefu wa mita 6.9 na haikuwa na sitaha. Chombo kama hicho hakiwezi kustahimili bahari ile. Walikifanyia nini?

JIBU: Ni kweli, fundi. Kingeachwa wazi kisingefika. Kazi ilimwangukia Harry McNish, seremala wa meli. Wakiwa bado wanaishi juu ya barafu, alikwisha kuongeza kimo cha ubavu kwa mbao na misumari aliyoing'oa kwingine. Kisiwani akaunda sitaha: alilaza miguu ya sleji (chombo cha kuburuta mizigo juu ya barafu) kutoka omo, yaani mbele, kwenda tezi, yaani nyuma, akapigilia juu yake vifuniko vya masanduku, kisha akafunika kwa turubai. Turubai lilikuwa gumu kama bati kwa kuganda. Ilibidi lilainishwe kipande kwa kipande juu ya moto wa mafuta ya sili ndipo lishoneke, na hata hapo sindano ilivutwa kwa koleo.

Hofu nyingine ilikuwa mkuku, uti wa chini wa mashua. Mashua yenye mzigo mzito ikipanda mgongo wa wimbi, katikati huinuliwa huku omo na tezi zikining'inia, na hapo ndipo inapokatika. McNish alichukua mlingoti wa mashua nyingine akaufunga ndani, chini, kufuata mkuku. Kalafati ya kawaida, ya kuzibia nyufa, hakuwa nayo. Alishindilia utambi wa taa kwenye nyufa, akaziba kwa rangi za mafuta za George Marston, msanii wa msafara, pamoja na damu ya sili.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ilikuwa takriban tani moja ya changarawe na mawe. Hapo nahodha Frank Worsley na Shackleton hawakukubaliana. Worsley aliiona ni nyingi mno, Shackleton aliogopa kupinduka. Kwa maoni yetu wote wawili walikuwa na hoja. Chombo kilichozidishwa farumi hukaa chini majini, hakipandi wimbi kwa wepesi, hurudi wima kwa mshtuko na hulowa muda wote. Ndivyo safari ilivyokuwa, walilowa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini hakikupinduka.

Kilichokaribia kuwazamisha ni barafu. Kila rasharasha iliyopiga sitaha iliganda papo hapo, uzito ukaongezeka, mashua ikawa nzito kuinuka. Walitambaa juu mmoja mmoja, shoka mkononi, kuivunja, na hakuna aliyeweza kukaa huko zaidi ya dakika chache. Walipoona haitoshi, wakatupa baharini makasia ya akiba na mifuko miwili ya kulalia iliyokwisha kuoza kwa maji. Ngama, maji yaliyojikusanya chini ndani ya mashua, waliitoa kwa bomba ambalo mpiga picha Frank Hurley alilitengeneza kutokana na kasha la sehemu ya dira ya meli.

McNish mwenyewe alinyimwa nishani ya heshima iliyotolewa kwa wengi wa wenzake, kwa sababu aliwahi kubishana na wakubwa wakiwa juu ya barafu. Sisi tunaona hilo ni dhuluma. Bila mikono yake hakuna ambaye angeokolewa.

SWALI: Nimeangalia ramani. Visiwa vya Falkland viko karibu zaidi kuliko South Georgia. Kwa nini wakachagua safari ndefu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sababu ya upepo. Falkland ilikuwa kama kilomita 1,000, lakini upepo wa bahari ile huvuma kutoka magharibi karibu mwaka mzima, na mashua yenye tanga dogo haiwezi kwenda joshini, yaani kuelekea upepo unakotoka, dhidi ya upepo wa namna hiyo. South Georgia ilikuwa zaidi ya kilomita 1,300, ila upepo ulikuwa unawasukuma huko huko.

Upepo huo huo ndio uliokuwa hatari. Wangekikosa kisiwa, wasingeweza kurudi nyuma. Mbele yao kulikuwa na Atlantiki tupu. Worsley alilipima jua kwa sekstanti, kifaa cha kujua mahali chombo kilipo, mara nne tu katika siku 16. Alisubiri mwanya kwenye mawingu, wenzake wakamshika asirushwe, mashua ikafika kileleni mwa wimbi ambako upeo wa bahari unaonekana, akapiga kelele, na Shackleton akasoma saa. Kosa la nusu nyuzi tu ya latitudo ni kama kilomita 55. Kwa hiyo hawakulenga kuzunguka ncha ya kisiwa kwenda kwenye vituo vya wavua nyangumi upande wa kaskazini. Walilenga pwani ya kusini-magharibi, iliyo mbele ya upepo, ili kosa dogo lisiwapitishe pembeni. Walitia nanga King Haakon Bay tarehe 10 Mei.

SWALI: Walikula nini, na maji?

JIBU: Chakula cha mwezi mmoja, kwani wasingefika kwa muda huo kisingewafaa tena. Maji yalikuwa mapipa mawili. Moja liligonga wakati wa kushusha mashua, likaingia maji ya chumvi, na siku za mwisho kiu iliwatesa. Chakula cha moto hakikukosekana. Tom Crean na Worsley waliketi wakitazamana, miguu yao imelibana jiko la primus, jiko dogo la mafuta ya taa, na chungu kikiinuliwa kila mashua ilipotupwa.

SWALI: Na wale 22 walioachwa?

JIBU: Chini ya Frank Wild walijenga kuta fupi za mawe, wakapindua mashua mbili zilizobaki juu yake zikawa paa, wakaishi kwa sili na pengwini kwa zaidi ya miezi minne.

Kuchelewa hakukuwa kwa uzembe. Shackleton alifikia upande wa South Georgia usio na watu, hivyo yeye, Worsley na Crean wakavuka milima kwa saa 36, wakiwa na kamba ya kama mita 15, tezo la seremala, na skrubu za mashua zilizopigiliwa kwenye soli ili wasiteleze. Tarehe 20 Mei walifika Stromness, kituo cha wavua nyangumi. Siku tatu baadaye meli ya kwanza iling'oa nanga, ikazuiwa na barafu. Ya pili, kutoka Uruguay, na ya tatu, Emma, zikarudi vilevile. Ya nne ilikuwa Yelcho ya Chile, chini ya Luis Pardo. Haikuundwa kwa ajili ya barafu, lakini tarehe 30 Agosti 1916 ilikuta njia imefunguka. Wote 22 walikuwa hai. Walipandishwa haraka, kama saa moja tu, kabla barafu haijafunga tena.