Jibu: Gigahazi 2 au gigahazi 1? Kwanza probu, mkuu

Usilipe hiyo osiloskopu (mashine inayochora volti inavyobadilika), mkuu. Hata kama ankara umeshatumiwa, leo usilipe.

Unachagua kati ya osiloskopu ya gigahazi 2 (huo ni upana wa bendi, yaani masafa ya juu inayoyaonyesha vizuri) yenye biti 8 na ya gigahazi 1 yenye biti 12 (biti zikizidi, volti hupimwa kwa ngazi ndogo zaidi), umeuliza kuhusu kumbukumbu na kusoma itifaki (lugha ya data inayopita kwenye nyaya), halafu ukamalizia kwamba probu (nyaya zenye ncha za kugusia saketi) "zile za kwenye boksi zitatosha". Hapo ndipo nilipoacha kusoma kimya kimya.

Mimi nilichukua ya gigahazi 1. Ndani ya boksi kulikuwa na probu pasivu (zisizo na amplifaya ndani) za megahazi 500. Muda wa kupanda wa mashine (inaouchukua kuonyesha ukingo, yaani volti ikiruka kutoka chini kwenda juu) huwa takriban 0.35 ukigawa kwa upana wa bendi: mashine nanosekunde 0.35, probu 0.7. Jumlisha miraba yake, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.78. Yaani nililipia gigahazi 1 nikapata kama megahazi 450. Na huo ulikuwa msiba mdogo.

Mkubwa ulitoka kwenye ule waya mrefu wa ardhi wa probu, wenye kibanio. Kila ukingo wa kloki (mapigo yanayoiongoza saketi) kwenye bodi yangu ulifuatwa na mtetemo wa kama megahazi 130. Nikabadilisha rezista, nikahamisha kapasita, nikachora bodi upya na kuiagiza upya. Mtetemo ule ule! Sasa piga hesabu: sentimita 15 za waya zina indaktansi (kupinga mkondo usibadilike ghafla) ya kama nanohenri 150, ncha ya probu ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 10 hivi. Viwili hivyo vikikutana vinatetema karibu na megahazi 130. Nilikuwa nampasua mgonjwa wakati thamometa ndiyo mbovu. Nilipong'oa waya na kuweka springi fupi ya ardhi kando ya ncha, mtetemo ukanywea. Bodi ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ipo kabatini, hatusalimiani.

Na yule muuzaji! Alinionyesha ukingo umenyooka kama rula. Alichomeka kebo ya koaksia (waya wa ndani umezungukwa na wa nje) kutoka kwenye jenereta ya mawimbi moja kwa moja hadi kwenye ingizo la omu 50 la osiloskopu. Probu haikuguswa kabisa. Baadaye nilipomfuata akanijibu vipimo vya probu viko kwenye karatasi. Ni kweli, viko mwishoni, kwenye vifaa vya ziada, kwa herufi za sisimizi.

Wapo watakaokutuliza kwamba probu ina megaomu 10 kwa hiyo saketi haihisi kitu. Hiyo ni kwa volti isiyobadilika. Kwa megahazi 500, pikofaradi 10 ni omu 32 tu. Unaipachikia saketi mzigo huo halafu unashangaa kwa nini tabia yake imebadilika.

Kwa hiyo anza kwenye ncha. Jua ukingo wako wa kasi zaidi una nanosekunde ngapi, chagua probu inayouweza, kisha hela inayobaki ndiyo ikuchagulie mashine. Kama gigahazi 2 inakula bajeti yote na huwezi kununua probu aktivu (yenye amplifaya karibu na ncha) ya chini ya pikofaradi 1, chukua gigahazi 1 pamoja na probu hiyo. Ukikwama kabisa, rezista ya omu 450 iliyochomelewa mwanzoni mwa koaksia ya omu 50 inakupa probu ya kumi kwa moja (volti inagawanywa kwa kumi) kwa bei ya kutupa, mradi saketi ivumilie mzigo wa omu 500. Ila lile ingizo la omu 50 mara nyingi kikomo chake ni volti 5 RMS (sawa kwa joto na volti 5 isiyobadilika). Usiniulize nimejuaje.

Kumbukumbu: pointi milioni 20 kwa sampuli bilioni 5 kwa sekunde ni milisekunde 4 za kurekodi, basi. Uliza pia kasi hiyo inabaki ngapi chaneli (maingizo) zote zikiwashwa.

Halafu dai wakuonyeshe kwenye bodi yako wewe, kwa probu ileile iliyoandikwa kwenye ankara. Muuzaji akitoa koaksia, mwambie airudishe mfukoni.